Kula si Lazima

6 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku tuko wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako kastaafu Desemba, na sasa anashinda karakanani kwangu akiniuliza kwa nini bisibisi hazipangwi kwa ukubwa. Binti yetu wa pili kajifungua mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Nilimpima mwenyewe kwa mizani niliyoikagua asubuhi hiyohiyo, maana ile waliyompimia kwanza ilikuwa inazidisha gramu arobaini, na sikutaka mjukuu wangu aanze maisha kwa hesabu ya uongo. Wifi yangu magoti yake yakoje?

Naandika barua kwa sababu simu naijua. Kwenye simu utaniambia mtandao unakatika.

Tangu tumzike Baba ni miaka kumi na moja na miezi mitatu. Katika muda huo tumeandikiana mara tatu: kadi mbili za harusi na taarifa moja ya msiba. Hii ni ya nne, na ina haja yake.

Hapa karakanani, kati ya mizani zinazosubiri springi, tuna ubao wa sataranji. Mafundi wangu watatu nimewafundisha mwenyewe, na saa ya chakula tunacheza. Sasa nataka uniandikie ule ufunguzi wako, ule wa kumtoa askari kafara hatua ya pili. Andika kama unamwandikia mtu asiyejua kitu: unaanzaje, kwa nini, na njia zake kubwa ni zipi. Usiache njia hata moja.

Nadhani unaukumbuka. Kazini kwa Baba walitoa nafasi moja ya chuo cha upimaji ardhi kwa kila familia. Sisi tulikuwa wawili, wote tumefaulu. Baba akashindwa kuchagua kati ya mkubwa na mwenye alama nyingi, akatukalisha mezani, akasema chezeni, mshindi aende. Ukacheza ufunguzi huo. Wewe ukaenda, mimi nikabaki nikifagia karakana ya mtu mwingine miaka minne kabla hajaniruhusu kushika nyundo. Leo karakana ni yangu na fagio pia ni langu, kwa hiyo silii. Naomba ufunguzi tu.

Mdogo wako,
mwenye alama tisini na moja


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kioo cha kukuzia, maana macho yameanza kunigomea. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Nikamwambia kwa umri huu sikutarajia mtoto mwingine. Hakucheka. Wifi yako magoti yanamsumbua anapopanda ngazi, na sisi tunakaa ghorofa ya tatu, basi fikiria mwenyewe. Anakusalimu sana. Hongera kwa mjukuu. Kilo tatu na mia mbili ni mtoto kamili.

Alama zangu zilikuwa themanini na nane. Naona hukusahau, nami sikusahau.

Sasa ufunguzi. Mweupe anaanza kwa askari wa mfalme, miraba miwili mbele: e4, yaani mstari wa wima wa e, mraba wa nne. Mweusi anajibu hivyohivyo: e5. Askari wawili wanatazamana katikati kama majirani waliogombana. Hatua ya pili mweupe anasogeza askari wa jirani yake, f4, anamweka mdomoni kwa mweusi. Huyo ndiye kafara.

Kwa nini utoe mtu bure? Kwanza, askari wa mweusi akila anaondoka katikati, na kati inabaki yako. Utapandisha askari wa malkia d4 bila mtu wa kukuuliza. Pili, mstari wa f umefunguka. Ukishamficha mfalme pembeni, ngome ikirukia upande wake wa pili, ngome hiyo inatazama moja kwa moja f7, mraba ambao mwanzoni hauna mlinzi ila mfalme mwenyewe. Waambie mafundi wako: unatoa askari, unanunua muda. Asiyeutumia muda huo upesi kapoteza askari na muda pia.

Mweusi akishakula, mweupe ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutoa farasi, f3. Farasi huyo anamzuia malkia wa mweusi asije h4 kumpigia mfalme wako cheki. Ya pili ni kutoa askofu, c4, na kuikubali hiyo cheki. Mfalme anasogea f1, hawezi tena kujificha kwa ngome yake, lakini malkia wa mweusi naye atafukuzwa huku na huku. Ni njia ya watu wenye moyo mgumu. Anayeanza ashike ya farasi.

Baada ya farasi, mweusi mara nyingi anamlinda yule askari aliyekula kwa kupandisha g5. Mweupe anatoa askofu c4, anayeitazama f7. Mweusi anasukuma g4, anamfukuza farasi. Hapa ndipo ukali wote ulipo: mweupe hamwondoi farasi. Anamficha mfalme wake na kumwacha farasi aliwe! Mweusi akila, malkia wa mweupe anamla mlaji, na sasa malkia, askofu na ngome wote wanaelekea f7. Mweusi ana farasi zaidi, lakini watu wake bado wamelala nyumbani. Mweusi mwoga zaidi anaacha hayo yote, anapandisha d6 tu, na hiyo ndiyo inayomsumbua mweupe kuliko zote.

Wachezeshe njia hizo kwa mwezi mzima.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mtoto kafikisha kilo nne. Shemeji yako kashazipanga bisibisi kwa ukubwa, na sasa hatuzioni. Pole na macho. Usikae karibu na dirisha lenye jua, na usiende kwa watu wa matone ya mitaani.

Nimehesabu barua yako. Umeandika njia za mweusi anayekula, moja baada ya nyingine. Njia za mweusi asiyekula: sifuri. Nilisema usiache hata moja.

Nikueleze kwa nini nimekuandikia mwaka huu na si mwaka mwingine. Januari alikuja mkaguzi wa vipimo, kugonga mihuri kwenye mizani zangu kumi na nne. Mtu mnene, mpole. Saa ya chakula akakaa mbele yangu. Nikacheza e4, akajibu e5, nikampa f4. Akatazama kidogo, akasogeza askofu.

"Kula," nikamwambia.

"Sili, mama. Nimeshiba."

"Kwenye sataranji hakuna kushiba. Kula ni lazima."

"Lazima kwa sheria gani?"

"Sheria ya mchezo!"

Fundi wangu wa springi akaanza kukohoa. Mkaguzi akaweka mikono mezani, taratibu, kama mtu anayetaka kukuambia kuwa mzigo wako umepungua. "Mama Mizani, hiyo ni drafti. Kwenye sataranji kula ni hiari yako."

Nikawageukia mafundi. Miaka kumi na miwili wanacheza nami. "Nyie mlijua?"

"Tulijua, bosi," akasema wa springi. "Tulidhani ni sheria ya karakana."

Wakacheka mpaka mkaguzi akafuta machozi. Nami nikacheka. Kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mawe ya mizani, nikakumbuka.

Siku ile, Kaka, mkono wangu ulikuwa juu ya askofu. Nakumbuka kichwa chake kilikuwa na ufa, maana ulimchonga kwa mti wa kasha la sabuni. Nilikuwa nimeona kwamba nikila ninajiondoa katikati. Nikamnyanyua askofu nusu, na wewe ukasema, "Kula ni lazima." Nikamtazama Baba. Baba alijua drafti tu, akaitikia kwa kichwa: "Ndiyo, mama. Ukiacha kula, kete yako inaondolewa." Nikamrudisha askofu. Nikala. Nikaendelea kula kila ulichoniwekea mpaka nikafungwa hatua ya kumi na tisa, na nafasi ile haikurudi tena.

Nina swali moja, nalo ni fupi. Ulijua?

Na nina ombi. Tucheze tena, kwa barua, wewe mweupe kama siku ile. Ukianza e4 nitajibu e5, usipoteze stempu kwa hilo.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilizidi, wifi yako aliteleza kwenye ngazi, ikawa wiki mbili za kupika mwenyewe. Sasa anatembea. Uji wangu hakuusifu.

Umenikamata kweli, mweusi asiyekula nilimwacha. Namwandika sasa. Njia zake za kujua mapema ni mbili. Ya kwanza ni ile ya mkaguzi wako: askofu c5. Inaonekana ya unyonge, ina sumu. Askofu huyo anaulenga kwa mshazari mraba wa g1, ambako mfalme wa mweupe alitaka kujificha. Na kuna mtego ambao anayeanza lazima aujue: yule askari wa e5 anaonekana hana mlinzi, na mweupe mwenye tamaa anamla. Asimle kamwe! Malkia wa mweusi anakuja h4, cheki. Mfalme akisogea e2, malkia anakula e4 na mchezo umekwisha, hana pa kukimbilia. Mweupe akizuia kwa askari g3, malkia anakula e4, cheki tena, kisha anaichukua ngome ya pembeni. Kwa hiyo hapo mweupe atoe farasi f3 kwa utulivu.

Njia ya pili, mweusi anajibu kafara kwa kafara: anapandisha askari wa malkia, d5. Mweupe akimla huyo, mweusi anasukuma askari wake e4, na huyo anakaa hapo kama mfupa kooni, farasi wa mweupe hana pa kutokea. Hapa pia mweupe akikimbilia askari wa e5, malkia yuleyule anakuja h4 na hasara ni ileile.

Juu ya swali lako: tulikuwa watoto, na sheria tuliisoma kwenye gazeti lililofungiwa sabuni, nusu yake imechanika. Palipochanika tulijazia kwa drafti. Hilo unalijua, tulikuwa wawili tulioshika gazeti lile, mimi na wewe.

Na mimi nina langu dogo. Nakumbuka Baba aliwahi kuniandikia kwamba mwaka unaofuata huenda kazini kwake wangetoa nafasi nyingine. Mwisho wake sikuusikia. Ilikuwaje?

Mchezo: e4, na kwa kuwa umeshajibu e5, hatua yangu ya pili ni f4.

Kaka yako


1 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mpe pole wifi. Huku wote wazima, mtoto kakataa kulala ila juu ya kifua cha shemeji yako, na hiyo imetupunguzia maswali karakanani.

Askofu c5. Nimekataa kula. Ilinichukua miaka thelathini na sita kufanya hatua hiyo.

Nimehesabu tena. Mistari ya sataranji ishirini na tisa. Mistari ya swali langu mitatu, na katika hiyo mitatu umenitia na mimi kwenye kosa: "tulikuwa wawili." Vizuri. Basi nikubali kwamba sheria tuliikosea wote, kwamba kwa ujinga wetu kula kulikuwa lazima. Nakubali. Sasa nifuate.

Jana niliupanga mchezo wetu wa siku ile. Hatua zote ninazo kichwani, hazijawahi kutoka. Hatua ya tatu mimi nikapandisha g5. Farasi wako alikuwa f3. Farasi wa f3 anamla askari wa g5, Kaka. Alikuwa mdomoni kwako. Malkia wangu angekula farasi wako baada ya hapo, na ungekuwa umekwisha. Hukula. Ulitoa askofu c4.

Hatua ya tano, askofu wako wa c4 aliweza kula f7. Hukula. Ulimficha mfalme. Na mimi nikalazimika kumla farasi wako, kwa sheria.

Mara mbili sheria ilikutaka ule, mara mbili ukaiacha. Mimi sikuiacha hata mara moja. Baba hakuona, nami sikuona, nilikuwa natazama watu wako kwa hofu. Nakuuliza upya kwa maneno haya: uliona?

Mdogo wako


23 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Tarehe imetoka. Wananipasua macho Julai kumi na nne, moja baada ya jingine, siku hiyohiyo, maana nimewaomba nisipande ngazi zile mara mbili. Wanataka ndugu wa kukaa nami siku tano, nikiwa nimefungwa bandeji. Wanangu wako mbali na wifi yako hawezi kuninyanyua. Nilifikiri kukuomba wewe. Ukiwa na kazi nyingi nitaelewa.

Hatua yangu ya tatu: askari wa f anamla askari wa e5.

Kaka yako


4 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Nimeusoma mstari wako wa mwisho nikiwa nimesimama, nikakaa. Mtu aliyeniandikia kwa mkono wake, Aprili ishirini, "asimle kamwe," leo anakula. Malkia wangu ana njia nyeupe hadi h4 na wewe unajua, ulinichorea mwenyewe. Unataka nikufunge haraka, tuseme tumelingana, kisha nipande basi kuja kukuuguza.

Usinipe mchezo kama sadaka. Ushindi sikuuomba. Wateja huwa wananifanyia hivyo: kakamatwa na mizani iliyochezewa, ananiletea soda. Mimi soda nakunywa, na mizani naandika kwenye ripoti.

Siku ile nilipotaka kuacha kula ulinilazimisha kwa sauti. Leo hakuna aliyekulazimisha, umekula mwenyewe, na neno nililoliomba bado limekushinda. Malkia simsogezi. Ubao nimeufunika kwa gazeti, mafundi wanalia saa ya chakula hawana pa kuchezea, na utabaki umefunikwa.

Julai kumi na nne naijua. Kuja au kutokuja kwangu kunategemea mstari mmoja. Uliona, au hukuona.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Herufi hizi kubwa ni za macho, usidhani nakupigia kelele.

Niliona.

Ulipopandisha g5 mkono wangu ulikuwa tayari juu ya farasi. Niliona kwamba sheria yangu inanitaka nile, na kwamba nikila nimepoteza farasi na mchezo. Nikaondoa mkono, nikasogeza askofu. Kisha nikakutazama, nikingoja useme, "Kaka, mbona huli?" Ungesema ningekula. Naamini ningekula. Hukusema. Hatua ya tano nilishajua kwamba hutasema, na hapo sikukutazama tena.

Kwamba kula ni hiari sikulijua siku ile. Hilo naapa. Nililijua chuoni, Jumanne ya wiki ya kwanza. Jamaa wa kitanda cha jirani alikataa kafara yangu, nikampigia kelele kama wewe ulivyompigia mkaguzi, bweni zima likanicheka. Wote walicheka, nami sikuweza. Orodha ya majina chuoni ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Zilibaki siku kumi na tisa. Mwenye nafasi aliruhusiwa kuiachia ndugu yake, ilikuwa imeandikwa pale mlangoni kwa msajili, na kila asubuhi nilipita nikaisoma. Siku ya kumi na tano niliingia. Msajili akaniuliza, "Una shida gani, kijana?" Nikasema naomba ufunguo wa stoo ya vifaa. Akanipa. Nikakaa na ufunguo nisiouhitaji mkononi kutwa nzima.

Likizo ya kwanza ulileta ubao ukataka turudie. Nikakuambia nimeacha sataranji. Sikuwa nimeacha. Chuoni nilikuwa bingwa miaka miwili mfululizo, kwa ufunguzi uleule. Ila nyumbani sikuweza kukaa mbele yako, kwa sababu ulikuwa umekua na akili zaidi, na nilijua siku moja ungeupanga ule mchezo upya ukafika hatua ya nne.

Nimepima mashamba ya watu miaka thelathini na nne. Kila nilipoweka jiwe la mpaka nilikuwa makini kupita wenzangu, wakanisifu kwa uaminifu. Huo uaminifu ulianza na wewe, ukiwa umechelewa.

Hulazimiki kuja. Nimeomba jirani wa chini akae nami, amekubali.

Kaka yako


8 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako ilifika juzi. Niliisomea dukani kwa muuza misumari, maana nyumbani na karakanani kuna watu. Nikairudia pale paliposema "nikingoja useme." Nimejaribu kukumbuka kama uliniangalia. Nadhani uliniangalia. Nilidhani unanionea huruma.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu hili, Kaka. Nilikuwa na sentensi zangu tangu Januari, kali, zimenolewa. Nimekaa kuziandika zikagoma, kwa sababu tarehe 20 Aprili uliniuliza jambo na mimi nikajifanya sikuliona. Nimekulazimisha useme lako huku langu nimelikalia. Kwa hiyo nasema.

Nafasi nyingine ilitoka. Machi ya mwaka uliofuata Baba alirudi kutoka kazini na karatasi, jina langu limeshaandikwa, bado sahihi yangu tu. Alikuwa na furaha hata akasahau kuvua kofia ndani. "Mama, yako hii," akasema. "Safari hii hakuna kucheza na mtu." Nikamwambia sitaki makombo. Akadhani natania. Alikaa na karatasi ile siku sita, kila jioni anaiweka mezani mbele ya sahani yangu, nami kila jioni naisogeza pembeni nile. Siku ya saba akaikunja. Nikamwapisha asikuambie, na yule mzee, unamjua, aliapa akatunza mpaka tukamzika.

Unajua kwa nini? Nilijua ukisikia nimepata chuo, utapumua. Sikutaka upumue. Nilitaka kila ukirudi nyumbani unikute na fagio. Nilipoanza kushika nyundo nilifurahi kidogo na kusikitika kidogo, kwa sababu fundi haonewi huruma kama mfagiaji. Na nilipoinunua karakana sikukuandikia, uliambiwa na watu.

Mimi ni mtu wa hesabu, basi nimeipiga. Miaka ni thelathini na sita tangu siku ile ya mezani. Ulichoninyang'anya wewe, kwa ile hatua ya nne na zile siku kumi na tisa, ni mwaka mmoja. Nimeujaribu huku na huku kuuongeza, hauongezeki. Iliyobaki thelathini na mitano niliikataa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, bila mtu wa kuniambia ni lazima.

Ule mwaka mmoja bado sijakusamehe. Labda nitausamehe, lakini usinisukume. Hiyo mingine sijui ninamdai nani.

Mwambie jirani wa chini asante, asisumbuke. Nikituma hii kwa posta itafika baada ya wewe kufungwa macho, na wifi herufi zangu hazisomi. Kwa hiyo naileta mwenyewe, nimekata tiketi ya tarehe kumi na tatu. Nitakaa kando ya kitanda nikusomee yote, na hapo penye karatasi ya Baba nitasoma taratibu. Nashukuru kwamba utakuwa na bandeji.

Mdogo wako